Kumkatiza Mkubwa

Kazi yangu ni kuketi nyuma ya mtu. Watu wakisikia naongoza ndege pale Kisumu wanafikiri mimi ndiye ninayezungumza na marubani, na kweli nilizungumza nao miaka mingi mpaka sauti ikachoka. Lakini siku hizo ninazotaka kuzisimulia nilikuwa msimamizi wa wanafunzi. Mwanafunzi anaketi mezani na hedifoni zake, mimi naketi hatua moja nyuma yake na hedifoni zangu, kidole juu ya kitufe. Nikikibonyeza, sauti yake inakatika redioni na yangu inapita. Nisipokibonyeza, kila analosema amelisema kwa leseni yangu. Akikosea, nimekosea mimi. Yeye hana leseni bado.

Mtu hazoei hilo, msidanganywe. Hata siku ya mapumziko, nikiwa nyumbani naosha vyombo na ndege ya asubuhi kutoka Nairobi inakaribia, nilikuwa nafunga bomba nisikilize mpaka itue. Kanisani pasta anahubiri, mimi nasikia injini juu ya mabati nahesabu. Jirani yangu aliwahi kuniuliza kama nina mtu ndani ya hizo ndege. Nikamwambia ndiyo, wote.

Na nina ulimi, sikatai. Nilikulia Nyalenda, kwenye foleni ya maji, na msichana mpole pale alirudi nyumbani na mtungi mtupu. Nilijifunza kusema kwanza na kufikiria njiani. Mnarani tabia hiyo ilinifaa. Rubani akianza kuniletea maneno mengi nilimkatiza katikati, nikampa amri yake, akaifuata. Ndege mbili zikielekea mahali pamoja, hakuna nafasi ya samahani, sijui kama nitakusumbua. Ukiondoa vitabu na mitihani, kazi yote ya kuzitenganisha ndege ni hiyo: kujua nani yuko wapi, na kumkatiza mtu kabla hajafika pasipo pake.

Sasa nikaletewa msichana ambaye hakuweza kumkatiza mtu.

Naandika msichana, lakini alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa Asembo Bay, mama yake anauza samaki pale ufuoni. Alikuwa ameshindwa kwenye mnara mwingine kabla ya kuja kwetu. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba ukishindwa mara ya pili, basi, huketi tena mbele ya redio. Wanakutafutia dawati la makaratasi mahali fulani na hapo ndipo unazeekea. Yeye alilijua hilo na mimi nililijua, na kila asubuhi tulipanda ngazi za mnara pamoja tukiwa tunalijua.

Akili alikuwa nayo, tena si kidogo. Ungempa ndege tano angekuambia kila moja itakuwa wapi dakika nne zijazo, bila kugusa kalamu. Shida ilikuwa mdomo. Alizungumza na marubani kama anayezungumza na baba mkwe wake. Rubani akiamua kupiga gumzo kuhusu mawingu ya ziwani, yeye anamngoja amalize. Mimi nikimpa kalamu, anaipokea kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo. Aliniita Mama, nami nilipenda, nisijifanye.

"Nyathina," nilikuwa namwambia, kwa Kijaluo chetu cha kumwita mwanangu, "huku juu hakuna baba mkwe. Mkatize."

"Sawa, Mama."

Hiyo sawa yake ndiyo ilikuwa ugonjwa wenyewe. Nikimsema, sawa. Nikimkaripia kwa jambo ambalo kumbe mimi ndiye niliyekosea, sawa vilevile.

Zilipobaki wiki mbili za muda wake, Jumapili moja nilitoka kanisani nikaketi kwenye meza ya chakula, nikaandika ripoti yangu ya mwisho juu yake. Niliandika kwamba ana maarifa, ana bidii, lakini hawezi kumkatiza mtu, na kwa hiyo simpendekezi. Nikaikunja nikaitia mkobani. Jumatatu sikuipeleka. Jumanne nilifika hadi mlangoni kwa mkuu wa kituo, nikaishia kumwuliza habari ya birika la chai lililoharibika. Niliogopa pande zote mbili. Nikimpitisha, siku moja ataua watu kwa adabu yake. Nikimwangusha, nimemzika akiwa hai.

Jumatano wadudu wa ziwani wakaamka. Waliokaa Kisumu wanawajua, wale wadogo wanaoinuka majini kama moshi wa jaa linaloungua. Siku upepo ukiwasukuma nchi kavu, wanaganda kwenye kila kitu. Vioo vya mnara upande wa ziwani viligeuka rangi ya chai. Wengine walipenya ndani, tusijue wapi, wakafia mezani petu.

Lazima nieleze meza hiyo. Mbele ya anayeongoza kuna safu ya vikaratasi, kila ndege na chake. Katikati tumeacha nafasi ya upana wa kiganja, na nafasi hiyo ndiyo njia yenyewe ya kutulia ndege. Gari likiingia kwenye njia, unaweka pale kibao chekundu cha mbao. Kikiwa pale, hakuna ndege inayopewa ruhusa. Hakiondolewi mpaka dereva aseme ametoka na wewe umemwona kwa macho yako ametoka, na anayekiondoa ni yule aliyekiweka, hakuna mwingine. Nimewahi kumwinua mwanafunzi mezani, nikamrudisha nyumbani, kwa kosa la kukigusa tu.

Kwenye saa nne asubuhi mwewe aliangusha samaki kwenye njia, mwisho kabisa wa upande wa ziwani. Hutokea. Samaki akiachwa pale, korongo watakuja kumgombania na hao ndio wanaoingia kwenye injini. Dereva wa gari la ukaguzi akaomba ruhusa akamwokote. Ndege ya kutoka Nairobi ilikuwa bado mbali. Msichana wangu akamruhusu, akaweka kibao mahali pake, vizuri kabisa. Mimi mwenyewe niliona akikiweka.

Simu ikalia. Walikuwa wenzetu wa kituo kingine, wanataka kutupitishia helikopta kwa urefu uleule wa angani ambao tayari nilikuwa nimempa mtu mwingine. Nikashika simu kwa mkono wa kushoto, nikaanza kubishana. Mkono wa kulia ulikuwa na kitambaa, kwa sababu wale wadudu waliokufa walikuwa wananikera tangu alfajiri, na nikikasirika lazima mkono ufanye kitu. Nikawa nafuta meza huku nabishana. Nikainua kibao, nikafuta chini yake, nikakiweka kando ya simu. Nikaendelea kumweleza yule bwana kwamba hewa si shamba la babu yake.

Nilipokata simu niliitazama meza. Ilikuwa safi. Nafasi ya njia ilikuwa tupu. Macho yangu yameiamini nafasi hiyo zaidi ya nusu ya maisha yangu, hayaulizi maswali.

Rubani wa Nairobi akaita. Kwa redio ni Kiingereza kitupu siku zote, hapa naandika yalivyobaki moyoni mwangu. Alisema yuko maili nne, anaiona njia, anangoja ruhusa ya kutua. Msichana akamjibu aendelee kuja. Hakumpa ruhusa.

"Mpe," nikamwambia.

Mikono yake ilikuwa mapajani.

"Mpe atue. Njia ni tupu, unaona mwenyewe."

Akageuza kichwa nusu, akanitazama, akatazama meza, akatazama kile kioo kilichojaa uchafu.

"Mama," akasema.

"Mama nini? Unangoja akuandikie barua? Ana watu sabini nyuma yake."

Mdomo wake ulifunguka ukafungwa. Rubani akaita tena, maili mbili. Nikaikumbuka ile ripoti mkobani nikasema moyoni, haya, si ndiyo niliyoandika. Nikabonyeza kitufe, nikampa rubani ruhusa ya kutua kwa kinywa changu mwenyewe, naye akairudia neno kwa neno kama wanavyotakiwa.

Nilipoachia kitufe tu, sauti nyingine ikaingia.

"Usitue. Paa tena. Nasema tena, paa tena."

Sikuijua ile sauti. Ilikuwa kavu, haina tafadhali ndani yake. Injini zikanguruma, na mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kumtukana mtoto wa watu, nikaona kidole chake kinaonyesha kioo. Kule mwisho kulikuwa na doa la manjano. Nikakimbia nikapangusa kioo kwa kiganja. Gari la ukaguzi lilikuwa limesimama palepale juu ya njia, mlango wazi, na dereva yuko nje na sepetu mkononi, ameinua uso juu. Baadaye waliniambia ndege ilipita juu yake kwa nafasi ya kutosha. Mimi niliona tumbo la ndege na kofia ya dereva ndani ya kipande kimoja cha kioo.

Nilitafuta kiti nikaketi.

Yeye aliendelea na kazi. Aliipeleka ndege juu ya ziwa, akaipa urefu, akaizungusha. Alinyoosha mkono akachukua kibao kando ya simu, akakirudisha mahali pake, kisha akamwita dereva atoke. Dereva aliposema ametoka, alisimama akatazama kwa macho, ndipo akakiondoa. Dakika kumi baadaye ndege ilitua salama. Rubani aliuliza kilichotokea, akajibiwa kwa maneno matatu, gari kwenye njia. Mikono yangu nilikuwa nimeibana katikati ya mapaja.

Mwenzetu wa zamu nyingine akaitwa kuchukua meza, na mkuu wa kituo akatuteremsha chini tukaandike taarifa, kila mtu yake. Tulipaswa kutenganishwa, lakini chumba kilikuwa kimoja na meza moja, basi tukakaa tukitazamana.

Nitasema na hili, ijapokuwa ni aibu. Mashine zetu zinarekodi redio na simu. Hazirekodi mkono wenye kitambaa. Redioni ni mimi niliyempa rubani ruhusa, hilo halina pa kujificha, lakini msimamizi anayeikuta nafasi tupu ana haki ya kuiamini. Swali lote lingekuwa nani aliyeondoa kibao, na mnara mzima ungejibu bila kufikiri: aliyekiweka. Sikuhitaji hata kusema uongo. Nilihitaji kunyamaza tu. Wazo hilo nililitazama vizuri, nikaliona jinsi lilivyo rahisi, na nikaogopa kwamba limetoka kwangu.

Sijaandika hata tarehe, yeye akawa amemaliza. Akanipa karatasi niisome, kwa mikono miwili. Ilisema: niliondoa kibao kwa makosa, kisha nikakumbuka kwamba gari bado liko njiani.

Niliisoma mara mbili. Damu ikanipanda.

"Nani amekuambia uandike upuzi huu?"

"Mama, wewe umebakisha miaka michache ustaafu vizuri. Mimi wananitoa tu, hata hivyo."

"Nani amekuambia unatolewa?"

"Kila ukinitazama unashika mkoba," akasema.

Nikamwambia aichane ile karatasi. Hakuichana. Nikamwambia mficha uchi hazai, andika kilichotokea, andika msimamizi wangu aliinua kibao akifuta meza. Akaanza kulia, bila sauti, kichwa chini.

"Nikiandika kilichotokea, itabidi niandike chote," akasema.

"Chote ni kipi?"

"Nilikuona."

"Uliniona nini?"

"Nilikuona ukikiinua. Nikasema atakirudisha. Ulikuwa kwa simu, halafu ulikuwa umekasirika. Nikangoja ukumbuke."

Nilihesabu. Kuanzia nilipokiinua kile kibao mpaka alipopaza sauti, zilipita kama dakika nne. Dakika nne nzima mtoto huyu alijua, akakaa na mikono mapajani, anangoja mkubwa wake akumbuke mwenyewe asije akamwaibisha. Na jambo baya ni kwamba nilimwelewa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, si ndivyo tulivyolelewa sote? Mimi na ulimi wangu huu, nisingemwambia mama mkwe wangu mbele ya wageni kwamba ameunguza kuku. Tungekula kuku mweusi tukasifu.

Nilikasirika, kisha hasira ikatoka nikabaki na hofu, kubwa kuliko ile ya kwenye kioo. Nilikumbuka mara ngapi nilimwambia nyamaza kwanza, sikiliza. Mara ngapi aliuliza swali la maana nami nikamjibu kwa kejeli. Nilikuwa nimekaa nyuma yake miezi nikimlaumu kwa kukosa sauti.

"Andika," nikamwambia. "Na hilo pia."

"Wataniondoa."

"Huenda," nikasema. Nilitaka kumdanganya lakini sikuweza.

Tukaandika. Nami katika taarifa yangu niliandika kitambaa, simu, hasira, kibao. Kisha nikatoa ile ripoti ya Jumapili mkobani nikaibana pamoja na taarifa, kwa sababu niliona nikificha moja nitakuwa nimesema ukweli nusu.

Wiki tatu tulingoja kamati ije kutoka Nairobi. Yeye alipewa makaratasi ya kupanga, mimi nilikaa nyumbani. Ndizo siku mbaya kuliko zote. Bomba nilikuwa nalifunga kwa kila ndege sasa. Usingizini niliiona ile kofia, na kila mara ndege ilikuwa chini zaidi. Nikajipa ahadi moja, kwamba mimi nikianguka, yeye asianguke nami. Nikaipanga hotuba yangu, nikaijaribu bafuni kama mtu wa kampeni.

Kamati walikuwa watatu, na mwenyekiti wao alikuwa mzee mtaratibu mwenye miwani, aliyeongoza ndege kabla yangu. Alikuwa amesoma kila kitu. Akanitaka mimi nianze.

Nikaanza. Niliwaambia kosa ni langu mwanzo mpaka mwisho. Niliwaambia nilimtisha huyu mtoto tangu siku ya kwanza, kwamba hakuna mwanafunzi ambaye angefungua mdomo mbele ya mtu kama mimi, na kwamba zile dakika nne za kimya zihesabiwe kwangu, yeye aandikwe tu kwamba aliokoa ndege. Nilisema vizuri, nisijinyime sifa. Mzee alikuwa anatikisa kichwa na kuandika. Nilimwona anaelekea nilikotaka aelekee.

"Kwa hiyo hakuwa na namna yoyote ila..." nikawa nasema.

"Si kweli."

Ilitoka kushotoni kwangu, si kwa nguvu. Nikaendelea kuongea juu yake, kama nilivyozoea.

"Si kweli, Mama. Ngoja kwanza."

Mzee aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. Mimi nilinyamaza, maana hakuna aliyewahi kunifanyia hivyo mbele ya wakubwa, hata mume wangu.

"Alinitisha, ndiyo," akawaambia. "Lakini dereva alikuwa na sepetu kule, yeye hakunitisha. Ningesema neno moja tu, kibao, ingetosha. Nililijua hilo neno. Nilikaa nalo mdomoni dakika nne kwa sababu niliona haya. Hiyo ni yangu. Mkimpa yeye hiyo pia, mimi nitarudi pale juu vilevile nilivyokuwa, na siku nyingine nitangoja tena."

Nilitaka kumfinya chini ya meza. Nilikuwa nimemjengea mlango wa kutokea, naye anaufunga kwa mikono yake. Hakunitazama. Sauti ilikuwa ileile ya paa tena.

Mzee alivua miwani, akaivuta ile ripoti yangu ya Jumapili kwenye rundo, akaigeuza ielekee kwangu. Akaniuliza kama bado nasimama na nilichoandika, kwamba huyu hawezi kumkatiza mtu.

"Hapana," nikasema.

Akanipa kalamu nirekebishe kwa mkono wangu, maana kufikia saa kumi jioni hiyo nisingekuwa msimamizi tena, na hilo walikuwa wameshaniambia kabla ya kikao. Nikaifuta sentensi ya mwisho, nikaandika nampendekeza, nikatia sahihi. Nilipokuwa naandika, yeye alikuwa bado anawapitisha katika zile dakika nne, moja baada ya nyingine, na mmoja wa wale wakubwa alipotaka kuingilia, alimwambia angoje amalize.